Barua Iliyoachwa kwa Mangi

Barua ilikaa kwa Mangi, mwenye duka la mtaani kwetu, siku nne. Alikuwa ameiweka chini ya mizani, karibu na daftari la wanaokopa sukari, na Jumamosi nilipopita kuchukua mkaa ndipo akakumbuka. "Mama, kuna barua yenu. Ililetwa na kijana wa bodaboda, kwako hapakuwa na mtu." Kona moja ya bahasha ilikuwa imelowa mafuta ya taa. Niliona nembo ya benki, nikaifungua palepale nimeegemea magunia.

Ilikuwa Julai 2023. Barua ilisema marejesho ya Aprili, Mei na Juni hayajalipwa. Malimbikizo ni shilingi 3,525,000, penalti bado. Zikipita siku 60 tangu kuipokea bila kulipa, benki itadai deni lote kwa mkupuo na itakuwa na haki ya kuuza nyumba. Chini kulikuwa na majina mawili, la baba watoto na langu.

Baba watoto alikuwa ameondoka Februari. Sababu sitaziandika, maana watoto wetu wameshajua kusoma. Niseme tu kwamba hapakuwa na talaka wala hakimu. Alibeba masanduku mawili na televisheni, akahamia Tabata. Nami nilijiona niko salama kwa kuwa funguo za nyumba zilibaki kwangu.

Mambo yaliharibika siku tuliyokuwa na furaha kuliko zote. Machi 2019 tulikopa milioni 80, kwa miaka 15 na riba ya asilimia 16, tukanunua nyumba Kibada, Kigamboni. Vyumba vitatu, sebule, na uani vyumba viwili vidogo vya msichana wa kazi na stoo. Bei ilikuwa milioni 100. Zile 20 tulitoa mfukoni: yeye aliuza kiwanja chake cha Mbagala akapata 12, mimi nikatoa 8 za Saccos. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja mjini, yeye ni wakala wa forodha bandarini. Mshahara wangu peke yake usingeubeba mkopo ule. Kipato chake nacho kilikuwa kikijaa na kupwa. Benki ikatuunganisha: mkopo wa pamoja, hati ya majina mawili, rejesho la 1,175,000 likatwe kwenye akaunti yake kila tarehe 28. Aliyetujazia fomu aliuliza ujumbe wa simu uende kwa nani. Nikasema weka ya baba.

Alipoondoka, fedha za kazi zake akawa anazipokelea kwenye akaunti nyingine. Tarehe 28 Aprili benki ilikuta akaunti tupu, ujumbe ukaenda kwake. Mei hivyohivyo. Simu zilipigwa, kwake. Baadaye alinieleza kwamba alijua nalipa mimi kwa kuwa ndimi ninayekaa mle. Mimi nilijua analipa yeye kwa kuwa ndiye anayekatwa. Na tulikuwa hatusemeshani ila kwa habari ya ada za shule.

Jumatatu nilienda benki na ile bahasha yenye doa. Ofisa mikopo alikuwa kijana mpole, wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nikamweleza kwamba mimi na mwenzangu tumetengana, kwa hiyo nusu yangu niko tayari kulipa, nusu nyingine wamtafute mwenyewe. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akafungua jalada, akanitafutia ukurasa wenye sahihi yangu, akaweka kidole kwenye mstari uliosema tunawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake.

"Mama, maana yake hapa hakuna nusu," akasema. "Benki inaweza kumdai baba yote, au wewe yote."

Nikamuuliza kuhusu bima. Tulikuwa tukilipia bima ya mkopo kila mwaka, na nilikumbuka kama ndoto kwamba inafuta deni. Inafuta kweli, mmoja wetu akifariki. Ukiachwa haifuti kitu. Nilicheka, na yule kijana akashindwa kujua kama acheke pamoja nami.

Kisha akaigeuza kompyuta nione jedwali la marejesho. Ningependa kila mwenye mkopo wa nyumba aliombe jedwali hilo leo, kabla ya ugomvi wowote. Katika rejesho letu la kwanza la 1,175,000, riba ilichukua karibu 1,067,000. Deni lenyewe lilipungua laki moja na elfu nane. Mwezi uliofuata likapungua kidogo zaidi ya hapo, na hivyo hivyo. Kwa miaka minne tulikuwa tumelipa milioni 56 na laki nne. Deni la msingi lilikuwa limeshuka kutoka milioni 80 hadi milioni 72 na laki nane.

"Sasa miaka minne tulikuwa tunalipa nini?"

"Riba, mama. Mwanzoni ndivyo inavyokuwa."

Hakunidanganya. Rejesho halibadiliki, lakini ndani yake miaka ya mwanzo karibu yote ni riba, na miaka ya mwisho karibu yote ni deni. Wanandoa wakiachana katika miaka ile ya mwanzo, nyumba wanayogombania bado ni ya benki zaidi kuliko yao.

Niliomba mambo mawili ambayo naamini kila mtu huomba. La kwanza, mkopo uandikwe kwa jina langu tu, mwenzangu atoke. Haikuwezekana. Mshahara unaoingia mkononi mwangu ni 1,340,000, na taratibu za makato zinataka mfanyakazi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake. Rejesho lingeniachia 165,000. Benki ilimkubali mume wangu kwa sababu ya kipato chake, na haikuwa tayari kumwachia kwa sababu ya machozi yangu. Kwa hiyo mpaka leo, huko Tabata aliko, anadaiwa nyumba asiyolala.

La pili, niliomba mkopo uongezwe muda ili rejesho lishuke. Hili lilikubalika, ofisa akafurahi, akaanza hesabu. Nikamwambia aniandikie kwenye karatasi nikaangalie mwenyewe.

Karatasi ile niliisoma kwenye pantoni, nimesimama kati ya mama mwenye beseni la samaki na bajaji iliyokuwa ikinguruma bila sababu. Miaka iliyobaki ilikuwa 11. Tukirudisha iwe 15, rejesho lingeshuka kutoka 1,175,000 hadi 1,069,000. Nikadhani nimesoma vibaya. Miaka minne ya ziada, nafuu ya laki moja na elfu sita! Nikageuza karatasi nikazidisha kwa kalamu ya kazini: kwa njia ya zamani tungemaliza tukiwa tumelipa milioni 155 zaidi, kwa njia mpya milioni 192. Ningenunua nafuu ya laki moja kwa milioni 37.

Sababu ni riba. Kwa deni la milioni 72 na laki nane, riba ya asilimia 16 peke yake ni kama 970,000 kwa mwezi. Hata ungeongeza muda mpaka wajukuu, rejesho haliwezi kushuka chini ya hapo. Riba ikiwa ndogo, kuongeza muda kunasaidia sana. Kwa riba zetu hizi kunasaidia kidogo, na kwa bei kubwa. Kupewa miezi mitatu ya kupumzika nako si bure, kwa kuwa riba haipumziki. Deni letu lingepanda kwa karibu milioni tatu katika miezi hiyo.

Kinachoshusha rejesho kweli ni kupunguza deni la msingi. Kwa mkopo wetu, milioni 10 ingelishusha kwa 161,000. Yaani kila milioni moja inapunguza kama elfu 16 kwa mwezi, mpaka mwisho. Sikuwa na milioni 10. Ila niliandika namba hiyo ukutani jikoni. Anayepata kiinua mgongo au mafao ya Saccos, na azipeleke benki kwa barua inayosema wazi kwamba fedha ni za kupunguza deni la msingi, na rejesho likokotolewe upya. Ukiiweka kwenye akaunti kimyakimya inaweza kukaa tu ikingoja tarehe 28.

Sasa zile 3,525,000. Kazini dada mmoja alinipa namba ya watu wa kausha damu. Ukichukua laki tano leo, mwezi ujao unarudisha laki sita na nusu, na kadi yako ya benki wanakaa nayo. Niseme ukweli, namba niliihifadhi. Kikoba chetu nacho kingenipa milioni moja na nusu, ila kwa marejesho ya kila wiki ambayo nisingeyaweza pamoja na ya benki. Nilikaa na mawazo hayo wiki nzima. Aliyenifungua macho ni mama yangu, aliyekuja kunisalimia akalala kwenye kile chumba cha uani kwa sababu anapenda hewa. Asubuhi akaniambia, "Kule nyuma kuna nafasi ya mtu na watoto wake."

Nilikasirika. Yaani nimeachwa, halafu nihamie chumba cha msichana wa kazi? Hasira ilichukua siku mbili, kisha ikashindwa na hesabu.

Dalali wa mtaani aliniletea mpangaji kwa laki tano kwa mwezi, mhasibu na mkewe. Mjini hapa kodi ya nyumba nzima hutolewa miezi sita mbele, kwa hiyo alinipa milioni tatu kwa mara moja. Asilimia 10 ikaenda Mamlaka ya Mapato, TRA, nikabaki na 2,700,000. Nikaongeza 825,000 za akiba ya kikoba. Zikatimia 3,525,000. Kabla ya kusaini na mpangaji nilipeleka barua benki kuomba ridhaa, kwa kuwa mikataba ya rehani kwa kawaida inataka hivyo. Nikaomba pia penalti isamehewe. Walisema tuone miezi sita bila kuchelewa, na ilipotimia waliifuta.

Tukahamia uani, mimi na watoto watatu, vyumba viwili, jiko la gesi kwenye kibaraza. Mtoto wa kati aliuliza kama sasa sisi ndio wafanyakazi. Nikamjibu kwamba sisi ndio wenye nyumba.

Wiki hiyo hiyo kilifanyika kikao cha familia, nyumbani kwa wifi yangu mkubwa. Sikukaa pale kuzungumzia ndoa, nilisema mapema kabisa: ya ndoa yana siku yake, leo tunazungumzia rejesho la tarehe 28. Shemeji mmoja alisema nyumba ni ya kaka yake, akitaka anaiuza. Nilikuwa nimeshaonana na msaidizi wa kisheria, nikamjibu kwa adabu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwenza mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwingine wakati ndoa ipo, na asiyeridhia anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Kuiweka rehani nako ni hivyohivyo. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinataka mwenza aridhie, na benki inapaswa kuhakikisha. Mwanamke ambaye nyumba yake imewekwa rehani bila sahihi yake ana hoja nzito mahakamani. Mimi sikuwa nayo, maana nilisaini kwa hiari yangu, tena kwa kalamu niliyokwenda nayo.

Nikawaeleza pia ratiba ya benki, kwa sababu niliona wanadhani mambo haya huchukua miaka. Siku 60 za notisi. Zikiisha, dalali wa mnada anatangaza kwa siku zisizopungua 14, tena sheria inataka tangazo liwe kwa Kiswahili pia, kwa hiyo mtaa mzima utasoma. Benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri, na nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa robo au zaidi sheria inauchukulia mnada huo kwa mashaka. Lakini hapo unakwenda kulalamika nyumba ikiwa imeshauzwa. Na bei isipofikia deni, kinachobaki bado unadaiwa.

Mahakama haina haraka hiyo. Kwanza kuna baraza la usuluhishi la ndoa, litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Ndipo shauri lifunguliwe. Na mgawanyo wa mali huja baada ya mahakama kutoa amri ya kutengana au talaka. Wenye kutengana kienyeji kama sisi, mmoja Tabata, mmoja Kibada, bado tumo ndani ya ndoa mbele ya sheria na hatuna cha kugawana. Notisi ya benki inaweza kuisha mara kadhaa kabla hakimu hajafika kwenye nyumba yenu.

Baba watoto alikuwa kimya muda wote. Mwisho akasema, "Nalipia nyumba ambayo mtu mwingine anapokea kodi?" Swali lake halikuwa la kijinga. Nilimjibu kwamba kodi yote imeingia benki, nikamwekea risiti mezani. Tukakubaliana yeye alete 500,000, mimi 675,000, kodi izibe mapengo. Tukaandika, tukasaini, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akagonga muhuri. Karatasi ile haiifungi benki, benki hata haijaiona. Inatufunga sisi wawili. Tukafungua akaunti moja ya kazi hiyo tu, na ujumbe wa benki sasa unaingia kwenye simu zote mbili. Kama ningeruhusiwa kurudi Machi 2019 nikabadilishe kitu kimoja, ningebadilisha hicho.

Alilipa Agosti hadi Novemba. Desemba hakuleta kitu, Januari akaleta laki tatu. Nimeandika kila shilingi kwenye kaunta buku lenye jalada la bluu, na risiti nimezibandika kwa gundi ya watoto: nani kalipa, tarehe gani, kutoka wapi. Sheria ya Ndoa nayo ina kifungu chake cha 114, namba ileile, na humo mahakama inapogawa mali huangalia mchango wa kila mmoja, mahitaji ya watoto, na madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote wawili. Mkopo wa nyumba ndio deni hilo hasa. Kwa hiyo anayelipa peke yake baada ya kutengana hajaitupa fedha baharini, ilimradi anaweza kuonyesha. Mchango wenyewe si mshahara tu. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani kuwa mchango. Wanawake huitaja kesi hiyo kama ushindi, na kwa sisi tuliokuja baadaye ni ushindi kweli, ingawa Bi Hawa mwenyewe rufani yake ilitupwa.

Wapo walioniambia niiuze tu nyumba nipumzike, na sidhani wanakosea kwa kila mtu. Kama kipato hakifiki hata kwa kupangisha, bora muuze wenyewe kuliko dalali wa mnada. Mnakubaliana kwa maandishi, benki inatoa hesabu ya deni lote, mnunuzi anailipa benki kwanza, hati inaachiwa, kinachobaki mnagawana au mnakishikilia mpaka mahakama iseme. Wenye haraka hupata bei mbaya, lakini ya mnada huwa mbaya zaidi. Mimi sikuuza kwa kuwa hesabu ilifika, kwa tabu. Jumamosi nafanya kazi kwenye maabara binafsi. Nyama tunakula Jumapili.

Baraza limeshatoa hati yake, shauri limefunguliwa, tumeahirishwa mara tatu. Yeye hulipa miezi mingi na kuruka mingine. Hatujachelewa tena tarehe 28.

Desemba iliyopita mpangaji aliniomba ruhusa ya kukata mwembe wa mbele, anasema majani yanaziba mfereji wa bati. Mwembe ule aliupanda baba watoto mwezi tulipohamia, mche wa kubandikiza, aliubeba kutoka Mbagala mapajani mwake ndani ya daladala. Nilitaka kusema kata. Kisha nikakumbuka hati ina majina mawili, nikamwandikia ujumbe: mpangaji anataka kukata mwembe, unasemaje?

Alikaa nao mpaka usiku. Akajibu: "Umezaa?"

Nikatoka na tochi nikaangalia. Nikamwandikia: "Saba. Mawili yameshaliwa na popo."